Maji ya Siku Sita

Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: "Siendi, Fundi."

Sindano alikuwa ameyarudia njia nzima, tangu alipofunga mlango wa nyumba ya mama yake hadi alipoanza kusikia harufu ya mbao na rangi. Begani alibeba tanga lililokunjwa ndani ya mfuko wa turubai. Kila alipohamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, aliyasema tena kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa dukani akaogopa kusahau alichoagizwa. Mwanamke mmoja aliyepishana naye akageuka kumtazama mara ya pili. Sindano hakujali. Alijua kwamba akifika mlangoni bila kuyasema palepale, hatayasema tena.

Jina hilo la Sindano alipewa na Fundi mwenyewe, miaka minne iliyopita. Wakati huo Sindano alikuwa akishona vifuniko vya malori na mahema kwenye karakana ya turubai. Siku moja akaingia mwanamume mrefu, mikono imejaa makovu ya patasi, akasema anataka kushonewa tanga.

"Mimi sijawahi kushona tanga," Sindano alimjibu bila kuinua kichwa. "Nashona vya malori."

"Vinapeperuka barabarani?"

"Vyangu? Thubutu!"

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Tofauti ni moja tu: hili tunataka lishike upepo."

Sindano akacheka, sindano ikamchoma kidole, na mambo yakaanzia hapo. Mashua yenyewe waliijenga miaka mitatu. Fundi alikuwa akipiga mbao, yeye akishika upande wa pili. Ilikuwa ndogo, mita tano na nusu, yenye mlingoti mmoja, na ndani yake watu wawili wangeweza kulala kama hawakuwa wagomvi. Jumamosi ijayo wangekwenda kwa msajili kufunga ndoa. Jumatatu alfajiri wangeondoka. Siku sita za kufuata pwani, wakilala kila jioni mahali penye maji yaliyotulia, mpaka ule mji ambao Fundi alikuwa amepata kazi ya kufundisha vijana kuunda mashua. Katika mji huohuo aliishi binti yake wa miaka minane, akilelewa na bibi mzaa mama tangu mama yake alipofariki.

Hivyo ndivyo ilivyopangwa, kabla ya Alhamisi ile.

"Hodi," Sindano akaita.

"Karibu, karibu! Ingia upesi, usikanyage hapo, nimepaka gundi."

Maneno mawili yakamfika kwenye ncha ya ulimi. Akafungua mdomo. Fundi akamtua mzigo begani, akamshika mkono, akamvuta hadi mezani kabla hajapumua.

Chumba chake kilikuwa juu ya banda la mbao, dirisha moja, kitanda kimoja, na meza aliyoiunda kwa mlango wa zamani. Juu ya meza ilitandazwa ramani ya bahari, kila pembe imekandamizwa: kikombe, randa, kopo la misumari, na dira. Pembeni kulikuwa na daftari limejaa maandishi ya penseli. Fundi alikuwa amenyoa. Hakuwa na kawaida ya kunyoa Jumapili.

"Kaa. Nimemaliza mpango wote, bado macho yako tu. Wewe unajua kuona tundu."

"Fundi, nisikilize kwanza..."

"Siku ya kwanza," Fundi akasema, kama hakusikia. Akaweka kidole kwenye ramani. "Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, maji yakianza kupwa, yatusukume kutoka nje. Maili kumi na nane, hazizidi. Saa tisa alasiri tumeshaingia kwenye hori hili hapa, huu mkono mdogo wa bahari wenye mikoko. Nanga chini, chai motoni. Kuna neno?"

Lilikuwepo. Lakini alimwona jinsi alivyokuwa akitazama, macho yamemtoka kama ya mtu anayesubiri majibu ya mtihani, akafa moyo. Akajiambia, ngoja amalize siku ya kwanza.

"Maji umeweka kiasi gani?" akajisikia akiuliza.

"Madumu mawili ya lita ishirini."

"Kwa watu wawili? Siku sita? Na tukikwama siku mbili kwa ajili ya upepo, tutakunywa nini, rangi? Weka matatu."

Fundi akacheka, akaandika. "Si nilisema? Wewe unaona tundu."

Nyumbani alikuwa akimpimia Mama maji kwa kikombe: viwili kwa siku, na kimoja kati yake ni cha kumezea dawa. Figo za Mama zilikuwa zimesimama. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye kitanda cha hospitali saa nne nzima, damu yake itoke, ipite kwenye mashine, isafishwe, irudi. Kuzidisha kikombe kimoja kulikuwa hatari kwake. Na huku yeye alikuwa akijadili maji kwa madumu.

"Siku ya pili ni nyepesi," Fundi aliendelea. "Maili kumi na mbili. Nimeifanya fupi makusudi, maana usiku wa kwanza hutalala."

"Kwa nini nisilale?"

"Kwa sababu utakuwa unakoroma, utajiamsha mwenyewe."

"Mimi sikoromi."

"Sindano, tulipojaribu mashua usiku ule, ndege wa mikokoni walihama."

Akacheka. Alikuwa hajacheka siku kumi, na kicheko kikamtoka kama kikohozi, kisha kikamwacha na maumivu kifuani. Lakini kwa muda fulani baada ya hapo, akasahau kilichomleta. Akavuta kiti. Akauliza jiko litafungwaje lisianguke mawimbi yakija. Akauliza mchele utakaa ndani ya nini. Akasema viberiti viwekwe kwenye chupa tatu tofauti, kila moja mahali pake, ili moja ikilowa zibaki mbili. Fundi akaandika yote. Kando ya kila kazi alitia herufi moja: F kama ni yake, S kama ni ya Sindano. Kupika asubuhi, S. Nanga, F. Kutoa maji yaliyoingia mashuani, F na S kwa zamu. Sindano alizitazama herufi hizo zilivyofuatana ukurasa mzima, zimekaa jozi jozi, na kwa muda ule akawa kweli yumo safarini. Aliliona hori. Aliusikia upepo ukijaa kwenye tanga aliloshona kwa mikono yake.

"Siku ya tatu," Fundi akasema, na sauti yake ikabadilika. "Hii ndiyo siku yenyewe."

Kidole kikasimama kwenye ncha ya nchi kavu iliyojichomoza baharini.

"Rasi hii. Maili ishirini na sita, hakuna pa kuingia katikati. Ni miamba tu. Ukishaanza, ni kumaliza. Na ukizunguka hapa, upepo unageuka ghafla, lazima tanga lipunguzwe palepale." Akainua macho. "Hapo lazima tuwe wawili. Mmoja usukani, mmoja tanga. Mtu peke yake akiachia usukani akimbilie tanga, mashua inageuka ubavu, inajaa."

Chini, uani, mtu alikuwa akipiga randa ubao, shwaa, shwaa.

Sindano aliitazama ile ncha ya rasi. Alimwona Fundi pale, peke yake.

"Siendi, Fundi."

Yalitoka kama alivyoyafanyia mazoezi, mawili tu. Fundi hakushtuka. Aliweka penseli chini taratibu, akailaza sambamba na daftari.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mama yako alinipigia simu asubuhi. Alisema ulikuwa unaoga."

Sindano akahisi uso unamwaka. "Alisema nini?"

"Alisema, mkwe wangu, huyo akija huko na uso wake wa kujikaza, usimsikilize. Mfunge kamba, mtie mashuani kama gunia la mkaa, nendeni." Fundi alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Alisema yeye ameshakula chumvi nyingi, na ndiyo iliyomharibia figo."

"Huyo mama!" Sindano akasema, na machozi yakamlengalenga. "Kwa hiyo ulijua. Nikiingia hapa ulijua. Ukanikalisha, ukaniuliza habari za viberiti!"

"Ungetaka nifanye nini? Nikufungulie mlango, nikuambie sema haraka uende? Nilijua ukishayasema utaondoka. Nikaona, wacha angalau tufike siku ya tatu."

Hilo lilimvunja. Aliinama mezani, akaziba uso kwa viganja, akalia bila sauti, mabega yakitetemeka. Fundi akasimama nyuma yake. Aliinua mkono amguse, akaurudisha, akauinua tena, mwishowe akauweka juu ya kichwa chake, mkono mzito wenye harufu ya gundi.

"Mama mwenyewe amekuruhusu," akasema polepole.

"Mama ameniruhusu. Kaka je?"

"Kaka yako alikubali. Alikaa kwenye kochi lile, akaniangalia machoni, akasema atampeleka hospitali yeye."

"Na alimpeleka?"

Wote wawili walijua. Siku tatu walizokwenda kuijaribu mashua kwa tanga la kuazima, Jumanne hadi Alhamisi, zilikuwa pia jaribio la Kaka. Jumatano ilikuwa zamu yake ya kwanza. Kazini kukawa na dharura, akaona siku moja haiui mtu, atampeleka kesho. Na wifi, mwanamke mwenye roho nzuri kupita kiasi, aliposikia Mama analalamika kiu, akampa maji. Akampa tena. "Mtu mzima anaomba maji, nimnyime?" alisema baadaye akilia. Alhamisi mchana Sindano alirudi, ngozi imechomwa na jua, nywele zimejaa chumvi, anaimba. Akakuta nyumba imefungwa. Mama alikuwa wodini, amefunikwa barakoa ya oksijeni, maji yamejaa mapafuni. Alikuwa anazama kitandani, nchi kavu, wakati mwanawe anajifunza kuelea.

"Kaka alikuja jana," Sindano akasema, akifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sikumwambia chochote kibaya. Nilimwomba tu tukae tupange upya zamu, labda tumtafute mtu wa kumlipa. Akasimama. Akaniambia, mimi si mwanamke, sijui mambo ya kupima vikombe vya maji. Nikamwambia mimi pia sikuzaliwa nikiyajua. Akasema, basi nenda na seremala wako. Lakini Mama akifa ukiwa huko, msibani usije. Nitakufungia mlango mbele za watu."

"Ana hasira tu. Anajiona amekosea, hasira anakutupia wewe."

"Najua ana hasira. Lakini, Fundi, mimi simwogopi Kaka. Afunge mlango, nitaruka ukuta." Akavuta pumzi. "Ninachoogopa ni ile Jumatano. Itakuja nyingine. Mimi nitakuwa huko kwako, natandika kitanda, na huku mtu ameona siku moja haiui."

"Tumchukue Mama tuhame naye."

"Mashine iko wapi huko?"

Fundi akakaa kitandani. Alikuwa ameshapiga simu kwenye zahanati ya huko, mara tatu. Mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari. Kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, mgonjwa wa namna ile angefia barabarani.

"Basi nibaki mimi," akasema.

"Na mtoto?"

Fundi akakwaruza gundi iliyokauka kwenye kucha.

"Nionyeshe ile barua ya mtoto," Sindano akasema.

"Umeshaisoma."

"Nataka uisome wewe."

Hakuisoma, lakini hakukuwa na haja. Waliijua kwa moyo, mistari minne ya mwandiko wa penseli unaopanda mlima: *Baba, bibi miguu haimbebi tena. Mimi ndiye ninayepika. Niliungua kidogo lakini imepona. Utakuja lini?*

"Miaka minane," Sindano akasema. "Anapika, anaungua, anaandika imepona ili usiwe na wasiwasi. Ukibaki hapa kwa ajili yangu, nitakulaje chakula? Nitakitazamaje? Halafu ubaki ufanye nini? Karakana ya mashua imefungwa mwaka mzima sasa. Umetengeneza makabati ya jikoni mpaka umeanza kuongea na bawaba."

"Nitatengeneza makabati mpaka nife, kama wewe upo."

"Usiseme hivyo."

"Nasema." Alisimama tena, sauti ikapanda. "Nasema kwa sababu ndiyo kweli! Unakuja hapa na tanga begani, limemalizika, limekunjwa vizuri, unaniambia siendi. Tanga la nini sasa? Ulilimaliza kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuahidi!"

"Uliniahidi na wewe mwenyewe!"

Randa chini ikanyamaza. Aliyekuwa akipiga ubao bila shaka alikuwa ametega sikio. Fundi akaona, akashusha pumzi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Sindano na kumshika mikono yote miwili.

"Basi nisubiri," akasema kwa kunong'ona. "Sindano, sikiliza. Mimi nitatangulia. Nitamtunza mtoto, nitafanya kazi, nitakusubiri. Mwaka, miwili, hata kumi. Sitatazama mwingine, wewe unanijua. Tutaongea kila siku kwenye simu. Na wewe unisubiri."

Huko ndiko Sindano alikokuwa akiogopa kufika. Siku kumi zote, akiwa kando ya kitanda cha Mama, alikuwa amelizunguka neno hilo kama mtu anayezunguka shimo. Alitamani kusema ndiyo. Mwili mzima ulitamani.

"Tusubiri mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka..." Fundi akaanza, akasita.

"Malizia."

Fundi akatazama sakafu.

"Umeona? Hata kuitaja huwezi. Mimi pia siwezi." Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha. "Siku tutakayokuwa tunaisubiri mimi na wewe, ni siku ya kumzika Mama. Hakuna nyingine. Figo hazirudi."

"Sikuwa na maana hiyo, wallahi."

"Najua hukuwa nayo. Lakini nitaamka asubuhi, nimpandishe kwenye mizani, nimbonyeze miguu nione imevimba kiasi gani, na ndani yangu kuna kitu kitasema: bado kidogo. Akikohoa, nitasikia mlango unafunguliwa. Ukinipigia simu ukauliza Mama anaendeleaje, nitajua unauliza nini, hata kama hukuuliza hivyo. Nitambeba mama yangu huku namhesabia siku. Fundi, mimi sitaki kuwa mtu huyo. Na yeye ana macho. Ataniona."

Fundi alilaza paji la uso kwenye magoti ya Sindano. Sindano aliona mvi mbili nyuma ya sikio lake, mpya, hazikuwepo mwaka jana, na akaona ni jambo la kikatili kwamba nyingine zitaota na yeye hatazijua.

"Kwa hiyo unaniambia nisikusubiri," Fundi akasema mwishowe, sauti imezama kwenye kitambaa.

"Nakuambia usinisubiri."

"Na wewe?"

"Mimi sisubiri chochote."

Fundi akainuka. Akaenda dirishani, akasimama amempa mgongo. Kisha akarudi kwa ghafla, akaikamata ramani kwa pembe moja, dira ikadondoka sakafuni.

"Basi nitapanda basi. Mashua ibaki hapa ioze."

"Weka ramani chini."

"Sina kazi nayo."

"Fundi, weka chini. Wale watu wa chuo wamekupa kazi kwa sababu ya picha za hiyo mashua. Wanataka waione ikifika, waguse mbao. Ukishuka kwenye basi na begi, wewe ni seremala kama maseremala wengine. Na binti yako umemwambia unakuja na nini?"

Akasita. "Na mashua."

"Basi utaenda na mashua." Sindano akaokota dira, akaifuta, akairudisha kwenye pembe yake. Akafungua daftari ukurasa mpya. "Kaa. Tunaanza upya. Mtu mmoja."

"Sindano..."

"Hutakwenda kufa pale rasini kwa sababu yangu. Kaa."

Akakaa.

Wakapanga tena tangu mwanzo. Siku ya kwanza ikabaki ilivyokuwa. Siku ya pili ikabaki. Ya tatu Sindano akaifanya ya kupumzika, asiiguse rasi akiwa na uchovu wa siku mbili. Akavuta taa karibu na ramani, akapita ufuo wote kwa kucha ya kidole kidogo, mpaka akapata, upande wa huku wa rasi, kipande cha mchanga kisichozidi upana wa punje ya mchele.

"Hapa je?"

"Pana mawimbi."

"Maji yakijaa?"

Fundi akainama, akapima kwa vidole. "Maji yakijaa... panaingilika. Kwa mashua ndogo."

"Basi siku ya nne unalala hapa. Ya tano unaizunguka rasi asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo. Siku nane badala ya sita. Kuna neno?"

"Hakuna."

"Maji, madumu mawili yanatosha. Lile la tatu ondoa."

Fundi akachukua kifutio. Akafuta dumu la tatu. Kisha akashuka ukurasa mzima wa zamani, akifuta S moja moja na kuandika F mahali pake. Kupika, F. Usukani, F. Tanga, F. Kukesha, F. Kulala, F. Kifutio kilikuwa kibaya, kilipaka uchafu, na kila herufi iliacha doa la kijivu. Sindano hakuweza kutazama. Alishuka sakafuni, akafungua mfuko, akalitandaza tanga hadi chini ya kitanda.

"Nitaongeza mstari wa pili wa vikamba," akasema. "Vya kufungia ukilipunguza. Na kamba moja ndefu ya kushushia, ije mpaka kwenye usukani, usilazimike kusimama. Mkono mmoja unashika usukani, mmoja unavuta."

"Itachukua muda."

"Ninao mpaka saa kumi na moja. Mama anakula saa kumi na mbili."

Akavaa kiganja chake cha ngozi cha kusukumia sindano, akapitisha nta kwenye uzi, akaanza. Turubai ilikuwa nene, sindano ikilia kila ilipotoboa. Fundi akashuka akakaa upande wa pili, akamshikia kitambaa kikavutika sawasawa, kama walivyokuwa wakishikiana mbao. Hawakusema tena mambo makubwa. Walisema, vuta kidogo. Walisema, hapo pana kunjo. Mara moja Fundi alisema, "Sijui nitamwambia nini mtoto. Nilimwambia nakuja na mtu," na Sindano akajibu bila kuinua kichwa, "Mwambie mtu alikuwa na mama." Wakaendelea. Machozi ya mmoja wao yaliangukia turubai, ya nani hawakujua, na hakuna aliyeyafuta.

Vikamba vilipofika kumi na moja, Sindano akakata uzi kwa meno. Akasimama, magoti yamekufa ganzi. Fundi akasimama pia. Walitazamana karibu sana, bila kugusana, kila mmoja akimsoma mwenzake uso kama mtu anayesoma notisi ukutani na basi linaondoka.

"Jumatatu utakuja kunisindikiza?" Fundi akauliza.

"Jumatatu ni siku ya mashine."

"Alfajiri tu."

"Tunatakiwa tuwe pale saa kumi na mbili, na Mama kutembea mpaka barabarani ni nusu saa." Akatikisa kichwa. "Na nikija nitapanda. Usiniite."

Fundi alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akambusu paji la uso, muda mrefu, macho amefumba. Kisha akamwachia, na Sindano akashuka ngazi bila kitu begani, mwepesi kwa namna iliyomfanya ayumbe.

Jumatatu ile Fundi aliondoka. Sindano alijua kwa sababu aliyekuwa akipiga randa uani alimpigia simu kumwambia, bila kuulizwa: ametoka salama, tanga limekaa vizuri, aligeuka nyuma mara moja. Siku zilizofuata alifanya kila kilichotakiwa. Alipima vikombe. Alipika bila chumvi. Siku ya tano upepo uliinuka asubuhi na mapema, ukapiga mabati ya nyumba, na yeye akasimama jikoni na sufuria mkononi mpaka Mama akauliza kama kuna kinachoungua.

Jumatatu ya pili walikuwa hospitali, Mama amelala, mirija miwili mkononi, mashine inazunguka. Saa nne na robo simu ikatetema ndani ya mkoba. Sindano akaitoa. Neno moja: *Nimefika.*

Akalisoma. Akashika chuma cha kitanda.

"Ni yeye?" Mama akauliza. Alikuwa amefumbua macho.

"Ndiye."

"Kafika?"

"Kafika salama."

Mama akamtazama mwanawe kwa muda. Midomo yake mikavu ikatetemeka, akageuzia uso ukutani. "Mimi sikukuzuia," akasema.

"Hukunizuia, Mama."

"Nilimwambia akufunge kamba."

"Aliniambia."

"Basi mjibu. Usimwache mtu wa watu roho juu."

"Nitamjibu."

Muuguzi akaja, akaizima mashine, akachomoa sindano ya kwanza, kisha ya pili, akampa Sindano pamba kama kawaida. Ni lazima matundu yakandamizwe dakika kumi bila kuachia, la sivyo damu inaruka. Sindano akaiweka simu kitandani, akakandamiza kwa mikono yote miwili. Chini ya vidole vyake mshipa wa Mama ulikuwa ukipiga, mnene, wenye nguvu, hauna dalili ya kuchoka. Simu ikatetema tena, karibu na kiwiko chake. Hakuitazama. Alikandamiza dakika kumi, akaongeza tano, mpaka muuguzi akamwambia, "Dada, imeshakauka. Achia."